Mashine Ndiyo Iligonga Mtoto?

Kwa miaka mitatu nimekula kwa makosa ya walevi wa Marekani. Si utani. Niliacha chuo mwaka wa tatu nikisomea takwimu, karo ilipokataa kulipika, na kazi ya kwanza iliyonishika ilikuwa kuandikia tovuti za mawakili wa huko. Ukisimamishwa na polisi Ohio saa saba usiku, ukiwa umepiga chupa tatu nne, halafu asubuhi utafute kwa simu njia ya kujinasua, huenda makala utakayosoma niliiandika mimi, kwenye bedsita Rongai, stima ikienda na kurudi. Jina langu halipo popote. Malipo ni senti moja ya dola kwa neno, na wakikukuta umerudia sentensi unakatwa.

Unajifunza vitu, utake usitake. Najua polisi wa Marekani humpima mtu barabarani kwa majaribio matatu: kufuata kalamu kwa macho, kutembea hatua tisa kisigino kikigusa vidole na kugeuka, na kusimama kwa mguu mmoja. (Jaribu hilo la mwisho sasa hivi ukiwa umekunywa chai tu. Tuongee.) Najua Breathalyzer ilibuniwa na Robert Borkenstein mwaka wa 1954. Najua pia kwamba mashine ya pumzi haipimi damu. Inapima pumzi, halafu inakisia damu kwa hesabu. Kule Marekani hesabu inachukulia kwamba pombe iliyo kwenye mililita moja ya damu ni sawa na iliyo kwenye mililita 2,100 za pumzi. Hiyo 2,100 ni wastani, na hata kwa takwimu zangu za nusu shahada najua wastani ni nini. Mashine inamchukulia kila mtu kuwa mtu wa wastani, na mtu wa wastani mimi sijawahi kukutana naye.

Halafu kuna pombe ya mdomoni. Ukicheua, ama ukisukutua na dawa yenye pombe, mashine inaweza kusoma kilicho mdomoni ikadhani kimetoka mapafuni. Ndiyo maana huko afisa hutakiwa kukaa akimtazama mtu kwa dakika kama 15 au 20 kabla ya kumwambia apulize. Na kuna mambo ya kusawazisha mashine yenyewe. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kwamba vipimo vilivyogusa kesi zaidi ya 20,000 havikuwa vya kuaminika, chanzo kikiwa sajini mmoja aliyedaiwa kuruka hatua ya kutumia kipimajoto wakati wa kusawazisha mashine. Kipimajoto tu. Niliandika makala nne kuhusu kile kipimajoto, na zikalipa kodi ya mwezi mzima.

Niliandika hayo yote bila kusumbuka moyoni. Ohio ni mbali.

Halafu mwaka juzi, Ijumaa moja, binamu yangu aligongwa. Yeye ni wa nduthi. Alikuwa anarudi nyumbani baada ya kumshusha mteja wa mwisho, gari likatoka nyuma yake, likampanda na kumburuta hadi kwenye mtaro. Waliofika kwanza walikuwa wenzake wa steji. Wote wanasema kitu kimoja: dereva aliposhuka alishikilia mlango wa gari kama mtu anayeshuka kwenye mashua, na alinuka pombe hadi ungedhani amemwagiwa. Binamu yangu alilala hospitalini wiki saba. Mguu wa kulia una vyuma mpaka leo. Mchango wa familia tuliufanya kwa WhatsApp, kila mtu alichonacho, na changu kilitoka kwa yale makala. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye.

Kesi ilipoanza kusikizwa nilimsindikiza shangazi yangu kortini, nje kidogo ya Nairobi. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alibeba fomu ya P3 ya mtoto wake kwenye bahasha ya plastiki, ingawa nakala tayari ilikuwa kwenye faili. Tukaketi benchi la pili kutoka nyuma.

Afisa aliyemkamata dereva alisimama akaeleza: alifika, akaona gari, akaona pikipiki, mshtakiwa alinuka pombe na macho yake yalikuwa mekundu, akampeleka kituoni, akapuliza Alcoblow, mashine ikaonyesha amepita kiwango. Kwa wasiojua, kiwango kilichoandikwa kwenye kanuni zetu za mwaka wa 2011 ni mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi, sawa na Uingereza. Shangazi akanigusa kwa kiwiko. Kwake kesi ilikuwa imeisha.

Wakili wa dereva akainuka. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Suti ya kawaida, sauti ya chini. Akauliza ajali ilitokea saa ngapi.

"Kama saa tano na nusu usiku."

"Mshtakiwa alipuliza saa ngapi?"

"Saa nane kasorobo."

Hapo tumbo langu likakaza, kwa sababu nilijua swali linalofuata. Nilikuwa nimeliandika. Katikati alikuwa wapi, na nani alikuwa akimtazama? Afisa akasema alikuwa tu pale kwa benchi. Mashine ilikaguliwa lini mara ya mwisho? "Ilikuwa inafanya kazi vizuri." Sijauliza kama ilikuwa inafanya kazi, nimeuliza ilikaguliwa lini. Kuna cheti? "Kiko ofisini." Nani alimfundisha afisa kuitumia? Karatasi iliyotoka kwenye mashine iko wapi? Kwenye kitabu cha OB aliandika nini usiku ule? Aliandika mshtakiwa amelewa, basi. Alimwambia atembee? Alimpeleka kwa daktari? Macho mekundu usiku wa manane, baada ya ajali, yanaweza kuletwa na kitu kingine chochote?

Nilikuwa nayamaliza maswali kichwani kabla hajafungua mdomo. Ilikuwa kama kusikia mtu akisoma kazi yako kwa sauti, mbele ya mama wa mtu aliyeumia.

Halafu akafika kwenye sheria yenyewe, na hapa ndipo wengi wetu hatujui tunaishi chini ya sheria gani. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki hakisemi ni kosa kuendesha gari ukiwa umekunywa. Kinasema ni kosa kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kutoweza kulidhibiti gari ipasavyo. Hilo ndilo serikali inapaswa kuthibitisha. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliangalia zile kanuni za Alcoblow ikaona zinagongana na kifungu hicho, kwamba kanuni zilikuwa zimetengeneza kosa la kupita namba, na Sheria yenyewe haina kosa la namba. Watu mtaani wakasherehekea ati Alcoblow imepigwa marufuku. Haikupigwa. Kilichosemwa ni kwamba mashine peke yake haimalizi kazi.

Kwa hivyo wakili akauliza: ni wapi umeonyesha kwamba mteja wangu hakuweza kulidhibiti gari?

Afisa akasema, "Si aligonga mtu?"

"Wasiokunywa hawagongi watu?"

Watu wakacheka kidogo. Halafu akatoa picha ya pikipiki. Taa ya nyuma haikuwa ikiwaka. Na hapa niseme ukweli ambao familia haipendi niuseme: ilikuwa imeungua kwa wiki mbili. Binamu yangu alijua. Alikuwa anangoja mwisho wa mwezi.

Hukumu ilikuja miezi kadhaa baadaye. Shtaka la kuendesha gari akiwa mlevi likaanguka, kwa sababu ya tashwishi. Akapatikana na hatia ya kuendesha bila uangalifu, akapigwa faini, akailipa kwa simu kabla sisi hatujafika kwenye geti. Shangazi alisimama pale nje, bahasha mkononi, akaniuliza swali ambalo sijaweza kulijibu vizuri tangu siku hiyo.

"Wewe umesoma. Hebu nieleze. Sasa hiyo mashine ndiyo iligonga mtoto wangu?"

Nilianza kumweleza mambo ya ushahidi. Akanitazama venye unamtazama mtoto anayejitetea. Nikanyamaza.

Acha nijaribu tena hapa, ambapo hawezi kunitazama.

Kuna maswali mawili na shangazi aliyaona kama moja. La kwanza: je, yule mtu alikuwa amelewa? La pili: je, serikali imethibitisha? Shangazi alikuja kutafuta jibu la kwanza, na korti inatoa jibu la pili. John Rawls, kwenye kitabu chake A Theory of Justice cha mwaka wa 1971, anatumia kesi ya jinai kama mfano wa haki ya utaratibu usio kamili. Kugawa keki ni rahisi: anayekata achukue kipande cha mwisho, na vipande vitatoka sawa. Lakini kwa kesi, tunajua matokeo mazuri ni yapi (mwenye hatia afungwe, asiye na hatia aende nyumbani), ila hakuna utaratibu wowote duniani unaoweza kuyahakikisha kila mara. Unaweza kufuata kila hatua na bado ukakosea. Unachochagua ni ukosee upande gani. Katiba yetu imeshachagua: kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa ni mtu asiye na hatia mpaka ithibitishwe vingine.

Hiyo ni sawa kwenye karatasi. Swali langu ni la yule wakili. Alijua? Sina hakika, lakini nadhani alijua. Hata mimi ningekuwa yeye ningejua. Je, alidanganya?

Nilikuwa nimesikiliza kwa makini nikingoja adanganye, kwa sababu nilitaka kumchukia kwa sababu nzuri. Hakusema hata mara moja kwamba mteja wake hakunywa. Hakuleta shahidi wa uongo aseme walikuwa wakinywa soda. Aliuliza maswali tu, na kila swali lilikuwa halali, na lililokosa jibu lilikosa kwa sababu kuna mtu hakufanya kazi yake usiku ule. Kama afisa angeandika saa, angeleta cheti, angempeleka yule mtu kwa daktari, angeeleza venye alivyoshikilia mlango wa gari, maswali yale yangemgeukia wakili mwenyewe. Na wale wenzake binamu wa steji, walioona kila kitu? Hakuna aliyewaandikisha taarifa.

Lakini sitaki kumwachilia haraka hivyo. Ile picha ya taa ya nyuma, kwa mfano. Taa kweli ilikuwa imeungua. Ila picha ililetwa ili hakimu amwone binamu yangu kama mtu aliyejigongesha, na hilo si kweli. Mtu mzima macho kwenye barabara ile yenye taa za stima angemwona. Unaweza kusema jambo la kweli ili mtu aamini jambo ambalo wewe mwenyewe huliamini. Kwetu nyumbani ukifanya hivyo unaitwa mwongo hata kama kila neno lilikuwa sahihi. Kortini unaitwa wakili mzuri. Sioni njia ya kuufuta umbali huo. Ninachoweza kusema ni kwamba ningemkataza kuonyesha ile picha, halafu kesho ningemkataza mwingine kuonyesha picha ambayo ingemwokoa mtu asiye na kosa. Sijui ningewatofautisha vipi kabla ya kesi kusikizwa. Ndiyo kazi ya kesi.

Wapo marafiki wanaoniambia wakili mwenye dhamiri angemshauri mteja akubali kosa aombe msamaha. Nilikuwa na mawazo kama hayo mpaka nikakumbuka asubuhi ile ile, kabla kesi yetu haijaitwa.

Kulikuwa na foleni ya watu wa kusomewa mashtaka, wote wa trafiki, wote wamelala seli. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na wakili. Karani anasoma haraka kama anayeita abiria. Unakubali? Ni ukweli. Anayefuata. Kati yao kulikuwa na mzee mmoja wa Probox, koti limekunjamana, viatu bila kamba. Akasomewa kifungu hicho hicho cha 44. Akasema, "Ni ukweli, mheshimiwa, lakini nilikunywa mbili tu na gari nilikuwa naendesha sawa."

Rudia sentensi hiyo. Mzee hakukubali kosa. Kosa ni kushindwa kudhibiti gari, naye amesema alikuwa analiendesha sawa. Alichokubali ni kunywa, na kunywa si kosa. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka wa 1973, mahakama zetu zimeelekezwa namna ya kupokea jibu la mshtakiwa: asomewe kwa lugha anayoielewa, asomewe na maelezo ya kesi, na akisema jambo linaloonyesha anapinga, iandikwe amekana. Mzee aliandikwa amekubali. Faini, ama jela akishindwa kulipa. Ilichukua muda mfupi kuliko kupanga foleni ya M-Pesa. Nilimwona akitolewa kupitia mlango wa pembeni akiwa bado anajaribu kueleza, na askari akimwambia pole pole, songa mzee.

Hakuna aliyeuliza mashine ilikaguliwa lini. Hakuna aliyeuliza alipuliza saa ngapi. Kama maswali ya yule wakili ni hila za kuwaokoa wenye hatia, basi mzee huyu alibahatika kuepushwa na hila. Sidhani alijisikia mwenye bahati.

Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Siku ile niliona ikikata mbele tu. Katiba inasema mshtakiwa apewe wakili wa serikali pale ambapo bila wakili haki itaharibika vibaya, na tangu 2016 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Lakini kwenye ile foleni sikuona wakili hata mmoja wa serikali akinong'ona sikioni mwa mtu yeyote. Hasira yangu, ambayo nilikuwa nimeitengenezea yule wakili wa suti ya kawaida, ikaanza kukosa pa kukaa. Nilitaka auliziwe mtu maswali machache. Badala yake niligundua ninataka yaulizwe mengi zaidi, kwa watu wengi zaidi, hata kama binamu yangu ataendelea kuwa upande uliopoteza.

Hilo la mwisho ni rahisi kuandika. Mguu si wangu.

Na ukiwa kijana wa mji huu huhitaji Rawls akueleze kwa nini neno la karao halitoshi. Umeshawahi kuambiwa "ongea vizuri" kando ya barabara. Unajua mashine inaweza kutolewa ili ikutishe tu, "ukipuliza hii utalala ndani," na haitawashwa kamwe ukielewana nao. Kitu pekee kinachosimama kati yako na neno la mwenye bunduki usiku huo ni uwezekano kwamba siku moja, mbele ya hakimu, kuna mtu atamuuliza: cheti kiko wapi? Kama swali hilo haliwezi kuulizwa kwa niaba ya mlevi, halitaulizwa kwa niaba yako, kwa sababu kwenye faili nyinyi wawili mnafanana.

Binamu yangu nilimwambia mwaka huu. Kuhusu kazi yangu, namaanisha, kwamba yale maswali nilikuwa nimeyaandika kabla wakili hajayauliza. Tulikuwa kwake, anafanya mazoezi ya mguu kwa kuvuta mpira wa baiskeli uliofungwa kwenye kitanda. Alifikiria, akauliza, "Na wanakulipa?" Nikasema ndiyo. "Pesa ngapi kwa ukurasa?" Nikamwambia. Akasema ni kidogo sana kwa kazi kama hiyo. Kesi ya fidia bado inaendelea, na huko kipimo ni kingine: hutakiwi kuondoa kila tashwishi, inatosha uonyeshe kwamba yako ndiyo inayoelekea zaidi kuwa kweli. Safari hii wakili ni wetu. Ameshaanza kuuliza maswali kuhusu ile taa.

Mimi bado naandika. Wateja wa Ohio hawaishi.

Mwezi uliopita, kama saa nne usiku, nilipigiwa simu na jamaa wa steji ya binamu yangu, mmoja wa wale waliomtoa kwenye mtaro. Amekamatwa kwa nduthi, amepulizishwa, kesho asubuhi anapelekwa kortini. Mtu alimwambia mimi najua mambo ya korti. Ulimi wake ulikuwa mzito, hata simu haikuficha. Akaniuliza akubali ama akatae.

Jambo la kwanza lililonitoka mdomoni halikuwa na uhusiano wowote na haki zake. Nilimuuliza, "Kuna mtu umegonga?"

Akasema hapana. Nilinyamaza kidogo. Halafu nikamwambia asikubali chochote mpaka asomewe kwa lugha anayoielewa, na kama aliweza kuiendesha pikipiki sawa aseme hivyo waziwazi, na aitishe ile karatasi ya mashine.

"Karatasi gani?" akauliza.